Mwongozo wa Kufuga Kuku wa Kienyeji Nyumbani na Kuwalinda kwa Mbwa

Wanaoanza kufuga kuku nyuma ya nyumba huuliza maswali yale yale. Je, mbwa hatawala kuku hao hao anaowalinda? Ni lazima kununua mbwa wa kizungu wa bei kubwa? Afungwe mnyororo au aachwe huru? Ataanza kazi akiwa na umri gani? Mwongozo huu umeandikwa ili kuyajibu kwa pamoja, na unamlenga mfugaji wa Tanzania mwenye kuku wa kienyeji kati ya 10 na 50, awe kijijini Singida au pembezoni mwa mji kama Kibaha au Chanika.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba mbwa hawi mlinzi wa kuku kwa sababu ya mbegu yake wala bei yake, bali kwa sababu amelelewa miongoni mwa kuku tangu akiwa mdogo. Hata akilelewa vizuri, kazi yake ni kusaidia pale ambapo banda haliwezi kufika. Mfugaji anayemtegemea mbwa huku kuku wake wakilala juu ya mwembe atawapoteza kuku, kisha atamlaumu mbwa bila haki.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Banda imara la kulalia kuku, lenye mlango unaofungwa kwa komeo.
- Ua au uzio, hata kama ni wa michongoma au minyaa, ili mbwa ajue mipaka ya eneo lake.
- Wavu wa chuma wenye nyaya nene na matundu madogo ya nusu inchi, wa kuzunguka sehemu ya chini ya banda.
- Tenga moja au mawili ya kufunikia tetea mwenye vifaranga.
- Kibanda kidogo cha mbwa, bakuli lake la chakula na la maji, mkanda wa shingo, na kamba nyepesi ya mita 5 hadi 10.
- Namba ya simu ya ofisa mifugo wa kata yako, kwa ajili ya chanjo za kuku na za mbwa.
- Muda. Malezi ya mbwa wa kuku huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na asiyekuwa na subira hiyo ni afadhali atumie fedha zake kuimarisha banda peke yake.

Hatua kwa hatua

1. Mtambue adui wako. Usinunue chochote kabla ya kujua ni mnyama gani anayewamaliza kuku wa majirani zako, kwa sababu kila adui ana dawa yake. Mwewe hupiga mchana na hubeba kifaranga bila kuacha hata unyoya. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa Dar es Salaam na pwani nzima, nao huchukua vifaranga na mayai mchana kweupe. Nguchiro hupita asubuhi na jioni akitafuta mayai na vifaranga. Kicheche, kanu na fungo huja usiku, na wakiingia ndani ya banda wanaweza kuua kuku kadhaa na kuondoka na mmoja tu. Nyegere ndiye mharibifu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa ana kucha ndefu na nguvu za kung'oa mbao, kuchimba chini ya ukuta na kuchana waya mwembamba. Kenge na baadhi ya nyoka humeza mayai mazima. Siafu huingia kimyakimya na kumaliza vifaranga pamoja na mama yao aliyeatamia. Adui wa mwisho ni binadamu, na katika maeneo ya mjini yeye huwa wa kwanza.

Mbwa mzuri anawamudu kicheche, kanu, fungo, nguchiro, mbweha na mwizi, mara nyingi kwa kubweka na harufu yake tu bila kupigana. Dhidi ya mwewe msaada wake ni nusu, na dhidi ya siafu hana msaada wowote.

2. Jenga banda kwanza. Mita moja ya mraba inatosha kuku wakubwa 5 hadi 6. Banda lililoinuliwa juu ya miguu ya nusu mita hadi mita moja lina faida tatu: linakuwa kavu wakati wa masika, linamzuia mnyama anayechimba, na miguu yake inaweza kusimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu ili siafu wasipande. Ukijenga banda la chini, zungushia wavu wa chuma na uuzamishe ardhini angalau sentimita 30. Tafadhali usidanganyike na ule waya mwembamba wa matundu ya pembe sita unaouzwa madukani kwa jina la waya wa kuku. Waya huo huwazuia kuku wasitoke. Haumzuii nyegere wala mbwa wa mtaani asiingie, na kanu anaweza kupitisha mkono kwenye matundu yake na kumvuta kuku aliyelala karibu.

Weka fito za kulalia mbali na ukuta, na viota vyenye upana na kina cha sentimita 30 hivi katika kona yenye giza. Mlango uwe na komeo linalohitaji mkono wa mtu, si kipande cha mti kilichoegeshwa.

3. Ingiza kuku, wachanje, na wazoeze kurudi. Anza na mitetea 10 na jogoo 1. Wafungie ndani kwa wiki nzima ukiwapa chakula na maji humo humo, kisha wafungulie saa kumi jioni ili waranderande kwa muda mfupi kabla ya giza, watarudi wenyewe. Kila jioni warushie konzi chache za mtama au chenga za mahindi mlangoni mwa banda, ukiwaita kwa sauti ile ile. Baadaye mbwa naye atajifunza kwamba sauti hiyo ndiyo inayofunga siku.

Ugonjwa wa kideri huua kuku wengi kuliko wanyama wote niliowataja, hasa wakati wa kiangazi kuanzia Agosti hadi Novemba, na mbwa hawezi kuwalinda kuku dhidi ya ugonjwa huo. Chanjo ya kideri ya aina ya I-2, inayostahimili joto na kutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo shirikianeni na majirani mchanje siku moja. Chanjo ya ndui huchomwa kwenye ngozi ya bawa kuku akiwa na umri wa mwezi 1 hadi 2.

4. Mchague mtoto wa mbwa. Mbegu za kigeni za kulinda mifugo, kama Anatolian ya Uturuki na Maremma ya Italia, zina sifa zao. Huko Warrnambool, Australia, mbwa wa Maremma walianza mwaka 2006 kuwalinda pengwini wadogo wa kisiwa cha Middle Island dhidi ya mbweha, na wazo hilo lilitoka kwa mfugaji wa kuku wa eneo hilo aliyekuwa akiwatumia mbwa hao kwenye shamba lake. Lakini ni mbwa wakubwa wenye manyoya mazito, wanaokula sana na wasioona raha kwenye joto la pwani. Huko Botswana, shirika la Cheetah Conservation Botswana limewatumia mbwa wa kienyeji wa nchi ile kulinda mbuzi na kondoo kwa mafanikio mazuri na kwa gharama ndogo. Kwa maoni yangu, mbwa wetu wa kienyeji anatosha kabisa kwa kuku wa nyumbani: anavumilia joto, anakula kidogo, na usingizi wake ni mwepesi.

Mchukue akiwa na umri wa wiki 8 hivi, kutoka kwa mama anayeishi kwenye boma lenye kuku au mbuzi. Kabla ya kuchagua, chuchumaa umwangalie mama kwanza. Ukiona kuku wanadonoa hatua mbili kutoka alipolala na yeye hata hainui kichwa, uzao wake ni wa kuaminiwa zaidi. Kati ya watoto wake, mwache anayewavamia wenzake bila kukoma, na mwache pia anayejificha nyuma kabisa. Mchukue yule anayekuja kukunusa, kisha akarudi kukaa. Dume au jike wote wanafaa. Chukua mmoja tu, kwa sababu ndugu wawili wakikua pamoja hufundishana kukimbiza kuku.

5. Mchanje na umpe dawa ya minyoo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Katika wilaya nyingi kampeni hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Muulize ofisa mifugo pia kuhusu chanjo ya parvo, ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa mijini. Mpe dawa ya minyoo kila wiki 2 hadi afikishe miezi 3, kisha kila miezi 3. Mtu yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

6. Mweke jirani na kuku, waya ukiwa katikati. Katika miezi miwili ya kwanza, kibanda cha mbwa kiwe ubavuni mwa banda la kuku, kikitenganishwa na wavu tu. Alale akiwasikia, aamke akiwaona, na harufu yao iwe ndiyo harufu ya nyumbani kwao. Umri wa kati ya wiki 3 na 16 ndio ambao mbwa hujifunza nani ni wa kwao, na ukipita bila kuku, kazi inakuwa ngumu mara kumi. Watoto wa nyumbani wacheze naye, lakini wasimchezeshe mchezo wa kukimbizana karibu na banda.

7. Mwingize kwa kuku akiwa na kamba. Mara mbili kwa siku, asubuhi unapofungua banda na jioni unapofunga, tembea naye polepole katikati ya kuku. Anza na kuku wakubwa, si vifaranga. Mtazame yeye, usiwatazame kuku. Mbwa aliyetulia hunusa ardhi, hupiga miayo, hugeuza uso kuku akimjia. Mbwa anayeelekea kukosea hukaza macho kwa kuku mmoja, huinamisha kichwa usawa wa mabega na kunyanyua mguu mmoja wa mbele bila kuushusha. Hapo hapo, kabla hajaruka, sema neno moja la katazo kwa sauti nzito, mgeuze kwa kamba, na mkitembea hatua chache akatulia, msifu. Ukichelewa mpaka amekwisha kukimbiza, umemfundisha kwamba kukimbiza ni raha.

Angalia pia usalama wake. Tetea mwenye vifaranga humrukia usoni bila onyo, na jogoo wa kuchi, mbegu ya kuku wapiganaji, anaweza kumjeruhi jicho. Kudonolewa kidogo na tetea mkali ni somo zuri, lakini mtoto wa mbwa asiachwe kwenye kona asikoweza kukimbia.

8. Vumilia ujana wake. Kati ya miezi 6 na 14 mbwa huwa na mwili wa mtu mzima na akili ya kitoto, na hiki ndicho kipindi ambacho wafugaji wengi hukata tamaa. Anaweza kukaa na kuku kwa amani miezi mitatu, kisha siku moja akamuua kifaranga kwa kucheza. Hakuna dawa isipokuwa usimamizi: mchana awe nyuma ya waya au kwenye kamba ndefu unapokuwepo, na asiachwe peke yake na kuku hata kwa muda wa kwenda dukani. Mtembeze nje ya ua kila siku ili nguvu zake ziishe huko. Dume ni vizuri ahasiwe, kwa sababu dume asiyehasiwa hufuata majike wa mtaa wa tatu usiku ule ule unaomhitaji.

9. Mwachie kazi taratibu. Akifikisha mwaka mmoja na zaidi na asipoonyesha dalili za kunyatia kuku, mwache huru kati yao kwa nusu saa ukiwa umejificha mahali unapomwona. Siku zikipita bila kosa, ongeza muda. Zamu ya usiku ni rahisi zaidi na inaweza kutangulia, maana kuku wamefungwa ndani na yeye yuko ndani ya ua. Mfungulie baada ya kufunga banda saa kumi na mbili na nusu jioni. Kuwa na vifaranga ni mtihani wa mwisho, na wengi hawastahili kuaminiwa na vifaranga kabla ya miaka 2. Mpaka wakati huo tenga litumike, ambalo kwa vyovyote linahitajika kwa ajili ya mwewe.

Chakula, vyombo na majirani

Mlishe mbwa ugali wa kutosha uliochanganywa na dagaa au mchuzi, mara mbili kwa siku, mahali ambapo kuku hawafiki. Hili si jambo dogo. Kuku hujitokeza punde tu wanaposikia bakuli, na tetea huchomeka kichwa kwenye ugali wa mbwa bila woga. Mbwa mpole kabisa anaweza kumng'ata shingo kwa kulinda chakula chake tu. Usimpe kamwe matumbo, vichwa au miguu mibichi ya kuku, wala mayai mabichi yaliyovunjika. Siku ya kuchinja, mfungie mbwa mbali, na umwage maji ya moto juu ya damu. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa achomwe au azikwe kwenye shimo refu, kwa sababu mzoga unaoburutwa na mbwa hueneza kideri hadi kwa jirani.

Kwa familia za Kiislamu, mafundisho yanaruhusu kufuga mbwa wa kulinda mifugo au shamba na wa kuwindia, na wafuasi wa Shafii, walio wengi katika pwani yetu, huzingatia najisi ya mate yake. Kwa hiyo kibanda kiwe nje, mbali na mahali pa kuswalia, na vyombo vyake vitengwe visichanganyike na vya nyumbani hata wakati wa kuosha.

Kumbuka kwamba mbwa wako amefundishwa kuwaheshimu kuku wako. Kuku wa jirani anayeruka uzio ni mgeni kwake. Waambie majirani mapema, na ziba matundu ya uzio.

Makosa yanayorudiwa mara kwa mara

Kumfunga mbwa mnyororo mchana na usiku kunamfanya awe mkali kwa watu na asiyefaa kwa kuku, kwa kuwa kila kinachopita mbele yake bila kufikiwa kinazidi kumtamanisha. Kumning'iniza shingoni mzoga wa kuku aliyemuua ni mateso yasiyofundisha lolote. Kumpiga nusu saa baada ya kosa ni kumfundisha kukuogopa wewe. Na kutega nyama yenye sumu ya kuulia wadudu kwa ajili ya kicheche au fisi ni hatari kubwa kuliko yote: mbwa wako ndiye atakayeila kwanza, baada yake tai na ndege wengine, na mtoto akiokota nyama hiyo hasara haitafidika.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Kuku amekufa, ameloa mate, manyoya ya mgongoni yameng'oka, lakini hakuliwa.* Huyo ni mbwa aliyecheza, awe wako au wa mtaani. Rudi hatua ya 7 na utumie kamba kwa wiki kadhaa.

*Kuku hana kichwa na yuko karibu na ukuta wa wavu.* Ni kanu au mnyama mwingine aliyevuta kutoka nje. Badilisha wavu upande huo na usogeze fito za kulalia katikati.

*Mayai yanatoweka bila ganda.* Tafuta kenge au nyoka: ziba mashimo yote, kata nyasi ndefu kuzunguka banda, na okota mayai mara mbili kwa siku. Yakivunjwa na kulambwa, mchunguze mbwa. Mengi ya matukio haya huanza baada ya kupewa mayai mabichi jikoni.

*Vifaranga hupotea mmoja mmoja mchana mbwa akiwepo.* Ni mwewe au kunguru. Wafunike kwa tenga hadi wafikishe wiki 6 hadi 8, na panda mihogo au mipapai karibu na banda ili wapate pa kukimbilia.

*Mbwa hubweka usiku kucha.* Kwanza toka na tochi uhakikishe, maana huenda nyegere anachimba au siafu wamevamia. Ukikuta siafu, watoe kuku mara moja, kisha mwaga majivu mengi njiani mwao. Kama hakuna kitu kwa siku kadhaa mfululizo, angalia kama ameshiba na kama ametembezwa. Mbwa mwenye njaa hubweka hovyo.

*Kuku wana vijidudu vyeusi vilivyoganda pembezoni mwa macho na kwenye kilemba, na mbwa anavyo masikioni.* Hao ni viroboto wa kuku, ambao hung'ang'ania pia kwenye ngozi ya mbwa. Kutibu upande mmoja hakusaidii. Paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya vijidudu kwenye uso wa kuku, mwogeshe mbwa kwa dawa aliyoidhinisha ofisa mifugo, ondoa matandiko ya banda na ya kibanda siku hiyo hiyo uyachome, na rudia baada ya wiki mbili, kwa kuwa viroboto wapya huendelea kutoka kwenye vumbi la sakafu.

*Mbwa ana zaidi ya miaka 2 na bado anaua.* Usimlazimishe. Mweke awe mlinzi wa usiku peke yake, kuku wakiwa wamefungwa, na mchana awe katika sehemu yake yenye uzio. Kisha chukua mtoto mwingine wa mbwa umlee kwa hatua hizi tangu mwanzo, ukimtenga na yule mkubwa kila anapokuwa na kuku.